Kompyuta Yetu ya Owino

Mwezi uliopita mgeni mmoja aliingia kwenye chumba chetu hapa Base Camp, Nakivale. Akaangalia ile kompyuta ya mezani iliyo kwenye kona. Kasha lake halina mfuniko upande mmoja, feni inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Akauliza kwa upole: "Hii bado mnaitumia? Kwa nini msiombe laptopu mpya?" Tulicheka, tukamjibu kwa kifupi maana gari lilikuwa linamsubiri. Jibu refu ni hili hapa, na inabidi lianze zamani, kwa sababu mtu asiyejua hilo kasha limetoka wapi ataona takataka tu.

IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, modeli 5150, tarehe 12 Agosti 1981, ilikuwa imeitengeneza kwa haraka. Kampuni kubwa namna ile ilikuwa imezoea kutengeneza vitu vyake yenyewe, lakini safari hii ikanunua vipande kwa wengine: prosesa kutoka Intel, mfumo wa kuiendesha kutoka Microsoft. Tena ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya ndani ya mashine. Kilichokuwa kinazuia wengine wasiinakili ni kitu kimoja kidogo kinachoitwa BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo IBM ilikuwa na haki nayo kisheria. Basi kampuni changa ya Texas, Compaq, ikaandika BIOS ya kwake inayofanya kazi ileile bila kunakili ya IBM, na 1983 ikaanza kuuza mashine iliyoweza kuendesha programu zilezile. Baada ya hapo mlango haukufungika tena. Mwaka 1984 kijana wa miaka 19, Michael Dell, alikuwa anafungua na kuunganisha kompyuta kwenye chumba chake cha bweni, Chuo Kikuu cha Texas. Miaka 19! Kwetu hapa kuna wa umri huo ambao bado wanaambiwa wasiguse mashine ya ofisi.

Halafu 1995 Intel ikatoa kipimo kinachoitwa ATX. Hii habari haina mvuto, lakini kwetu ni muhimu kuliko ya Dell. ATX inasema matundu ya skrubu yakae wapi kwenye mazabodi, pawasaplai iwe na ukubwa gani, waya gani ubebe volti ngapi. Yaani mtu wa Taiwan anatengeneza ubao, mtu mwingine anatengeneza kasha, hawajawahi kuonana, na vitu vinaingiana. Kasha letu ni la rangi ya maziwa yaliyochacha, la zamani, wakati wa Windows 98. Mazabodi iliyo ndani ni ya 2011. Matundu yakakubaliana yote isipokuwa moja, na hilo moja tulilifunga kwa waya.

Sasa turudi Uganda, na tupitie kwanza Gulu, maana kompyuta kambini hatukuanza sisi. Mwaka 2007, wakati watu wa kaskazini walikuwa bado kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwa sababu ya vita vya LRA, Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mradi unaoitwa BOSCO Uganda. Walipeleka kambini kompyuta zinazokula umeme kidogo sana, zikachajiwa kwa sola, na zikaunganishwa kwa mawimbi ya redio ya masafa marefu. Baadaye UNICEF Uganda ikaja na kitu kingine ambacho kila tukikionyesha kwenye picha watoto wanapiga kelele: mapipa mawili ya mafuta yamechomelewa pamoja mgongo kwa mgongo, ndani kuna kompyuta, juu kuna sola. Waliita "Digital Drum". Gazeti la Time la Marekani likaiweka kwenye orodha ya uvumbuzi bora wa 2011. Tunaipenda kwa sababu waliojenga walijiuliza swali la kweli: kama mahali ni vumbi, mvua na watoto mia, kompyuta ivae nini?

Lakini watu wa kawaida wa Kampala hawakupata kompyuta kwa njia ya mradi. Walipata kwa njia waliyopata shati, yaani mtumba. Ofisi za Ulaya na Marekani zinabadilisha mashine kila baada ya miaka michache, na za zamani zinapakiwa kontena. Zilikuja nzuri, zikaja na mbovu pia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi karibu 2007 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kasoro, zile ndogo kama kopo la betri zinazosimama kwenye ubao. Zilivimba kichwa, zikavuja, mashine zikafa. Kampuni moja kubwa ya Marekani ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo hayo. Mashine za kizazi hicho hazikwenda zote jalalani, nyingine zilikuja kwetu. Ndiyo maana fundi yeyote wa Kampala mwenye umri kidogo, ukimletea mazabodi, kabla hajakusalimia anaangalia vichwa vya kapasita.

Serikali ikaona taka. Kwenye bajeti ya Juni 2009 ilitangaza kupiga marufuku kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, na mwaka uliofuata utekelezaji ukaanza. Hoja ya taka ilikuwa ya kweli, risasi na zebaki si mchezo. Ila kompyuta mpya mwanafunzi angeinunua kwa pesa gani? Walilalamika wafanyabiashara, zikalalamika shule, na baadaye kompyuta zikaruhusiwa tena. Kwa muda ule mafundi walifanya nini? Walitengeneza zilizokuwepo. Fundi aliyetusaidia sisi alituambia kwamba ujuzi wake mwingi aliupata miaka hiyo, akitoa ramu kwenye maiti moja kumpa mgonjwa mwingine.

Tunafika Owino.

Jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, mfiadini aliyeuawa Novemba 1885, lakini hakuna kondakta wa taksi anayelitaja hivyo. Soko lilianza 1971, liko jirani na uwanja wa Nakivubo, na mfereji wa Nakivubo unapita karibu. Mvua ikinyesha vizuri maji yanapanda na watu wanabeba bidhaa kichwani. Februari 2009 liliungua vibaya, na limeungua tena baada ya hapo. Wenye vibanda walirudi wakajenga juu ya majivu. Ndani ya soko lenyewe utakuta zaidi nguo, viatu, mashuka, vyakula, dawa za miti. Vifaa vya kompyuta viko kwenye majengo ya maduka na vichochoro vya kuzunguka pale, kuelekea stendi ya zamani ya taksi. Ila sisi wa kambini tunaita eneo lote Owino, na hata jirani wa Kampala ukimwambia "nimeitoa Owino" anaelewa unasema nini: umenunua kilichotumika, umebishana bei, na hakuna risiti.

Tulikwenda Desemba 2019, watu watatu, na shilingi 430,000 zilizochangwa na watu 27. Tunaandika hiyo namba kwa sababu kila mmoja wa hao 27 alikuwa anajua mchango wake. Kuna mama aliuza nusu ya maharage yake. Kuna kijana wa boda alitoa pesa ya siku mbili. Sababu yetu ya kwenda ilikuwa hii: mwaka mmoja kabla tulipewa laptopu tatu za msaada, tukashukuru, tukapiga picha. Ndani ya miezi kumi zote zilikuwa zimelala. Moja iliibiwa, moja ilivunjika bawaba ya kioo, ya tatu ramu yake ilikufa na tukagundua kwamba ramu yenyewe imelehemiwa kwenye ubao. Hakuna kuichomoa. Hapo ndipo tulipoamua kutafuta mashine ambayo ikiumwa mkono unaweza kuingia ndani, na ambayo mwizi hawezi kuificha chini ya koti.

Fundi wetu alikuwa Mkongomani wa Katwe, mtu wa makamo, tulimwita mukubwa. Kanuni yake ilikuwa moja: "Badogo, musilipe kitu yenye haijawaka." Kwa hiyo siku nzima tulizunguka na pawasaplai ya kwake mgongoni kwenye begi. Tukifika kwa muuzaji, anaweka mazabodi juu ya boksi la karatasi, anachomeka prosesa na ramu, halafu kwa ncha ya bisibisi anagusa vile visindano viwili vya swichi. Feni ikizunguka na mlio mmoja mfupi ukasikika, tunaanza kuongea bei. Milio mingi, tunasema asante ssebo, tunasonga.

Kiswahili chetu kilitupunguzia na kutuongezea. Mjini Kampala watu wengi wazee bado wanakihusisha na wanajeshi, na muuzaji mmoja alituuliza tuko kikosi gani. Mwingine aliposikia ni Wakongomani aliamini tuna dhahabu, bei ikapanda papo hapo. Mukubwa akahamia Luganda, akaanza na mukwano huku na mukwano kule, bei ikashuka. (Wenye mamlaka walikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Tunasubiri bei za Owino zipate habari.)

Mpaka jioni tulikuwa na mazabodi ya soketi 1155 na prosesa Core i3 kutoka kibanda kimoja, ramu ya DDR3 GB 4 kutoka kingine, diski ya GB 500, monita ya inchi 17, kasha, kibodi yenye herufi za Kifaransa ambayo wenzetu wa Kongo waliifurahia na wengine mpaka leo wanailaani. Ramu ilituchelewesha. Kijana mmoja alitaka kutuuzia DDR2 akisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile: pengo dogo lililo katikati ya kipande limekaa mahali tofauti, halitaingia hata ukisukuma, na ukisukuma sana unavunja soketi. Pawasaplai tulinunua ya mwisho, giza limeanza, tumechoka, mukubwa ameshaenda kuwahi taksi.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunalieleza kwa urefu kwa sababu linaweza kumpata yeyote.

Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja imeandikwa 230, upande mwingine 115. Marekani umeme wa ukutani ni kama volti 115 hadi 120. Uganda ni 240. Mashine iliyotoka ofisi ya Marekani inafika Kampala swichi ikiwa bado kwenye 115, na hakuna anayeigeuza kontena likiwa baharini. Ikiwa hapo, saketi ya ndani inauzidisha umeme mara mbili, kwa sababu inafikiri imepewa kidogo. Ukiipa 240 inazidisha hiyo 240. Tulirudi Nakivale usiku wa pili, tukaunganisha kila kitu, watu kama arobaini wamejaa chumbani na dirishani, mama wa maharage amekaa mbele kabisa. Tukawasha jenereta ya jirani, tukabonyeza.

Ilikuwa kama risasi. Kuna wenzetu waliolala chini, na mnajua kwa nini walilala chini. Moshi mweupe, harufu ya samaki aliyeungua, halafu kimya. Hakuna aliyetulaumu kwa sauti. Mama yule alisema "pole wanangu" akaondoka, na tungependa angetutukana.

Tuliamini kila kitu kimekufa. Mmoja wetu akampigia mukubwa, akauliza swali moja tu, "Ile swichi nyekundu iko wapi?" Tukaangalia. 115. Akasema tusiguse kitu, tutafute pawasaplai nyingine, mara nyingi inakufa yenyewe peke yake na inawakinga wengine. Tukapata Mbarara kwa mkopo. Kabla ya kuichomeka tuliangalia ile swichi watu sita, mmoja baada ya mwingine, kama wanaoaga maiti. Mlio mmoja mfupi. Mazabodi ilikuwa hai.

Miezi mitatu baadaye, Machi 2020, shule zote za Uganda zikafungwa kwa sababu ya korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba ile, lakini kwa wengine wengi zilikuja kufunguka kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili. Masomo yakahamia redioni na kwenye simu ambazo watu hawana. Kompyuta ya kona ikawa ofisi ya mwalimu. Walimu wa kujitolea walichapa maswali ya hesabu na sayansi, tukatoa nakala kwenye printa ya kuazima, kila karatasi inazunguka nyumba nne kisha inarudi ikiwa na alama za ugali. Hatudai kwamba tuliokoa elimu ya kambi. Kuna wasichana waliokuwa wanachukua hizo karatasi ambao shule zilipofunguliwa hawakurudi, walikuwa wameshaolewa. Lakini wapo waliorudi wakiwa hawajasahau kugawanya.

Kuitunza mashine ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri za kutuma kwa wafadhili. Adui wa kwanza Nakivale ni vumbi. Linaingia kwenye mapezi ya kupoza prosesa mpaka linakuwa blanketi, mashine inapata joto, inajizima katikati ya kazi. Kila mwisho wa mwezi tunaitoa nje, tunasafisha kwa brashi ya rangi na pumpu ya baiskeli, tukiishika feni kwa kidole isizunguke. Mara moja kwa mwaka tunabadilisha ile dawa nyeupe kati ya prosesa na chuma, tone dogo kama punje ya mchele. Mfuniko tuliuondoa makusudi, joto likapungua, ila mjusi alishawahi kuhamia humo, kwa hiyo sasa tumefunga chandarua. Chandarua chenyewe kimechoka, hakina kazi nyingine.

Na kuna betri ya kidonge, CR2032, inayokaa kwenye mazabodi kutunza saa umeme ukikatika. Mwaka 2022 dada mmoja wa kikundi alikuwa anaomba udhamini wa chuo kikuu, siku ya mwisho kabisa. Kila ukurasa aliofungua ulikataa, ukisema muunganisho si salama. Tulilaumu mtandao, tukanunua bando lingine. Tukalaumu tovuti. Saa nne usiku mtoto wa darasa la saba, anayechungulia tu, akauliza kwa nini kompyuta inaonyesha mwaka 2011. Betri ilikuwa imekwisha, saa imerudi nyuma, na kwa mashine inayoishi 2011 vyeti vya usalama vya tovuti za 2022 ni vya wakati ambao haujafika. Tukaweka tarehe sahihi kwa mkono, akatuma saa tano na dakika arobaini. Huo udhamini hakuupata. Aliupata wa mwaka uliofuata, na siku hizi akituandikia anaanza kwa kuuliza betri.

Yule mgeni alikuwa na hoja moja ambayo hatuwezi kuikwepa. Kompyuta ya mezani inakula umeme. Yetu na monita yake inavuta kama wati 80, laptopu ingevuta nusu ya hapo au chini. Watu wa BOSCO walilijua hilo tangu 2007, ndiyo maana walichagua mashine ndogo. Sisi tunaiwasha saa tano za mchana jua likiwa kali, jioni inalala, na siku za mawingu wanafunzi wanarudi nyumbani bila kuchapa kitu. Kama kuna shirika linataka kusaidia, betri moja ya sola ya nguvu ingefanya kazi kuliko laptopu kumi. Tumeshaandika hivyo mara mbili kwenye fomu za mahitaji. Laptopu ndizo zinazokuja.

Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali prosesa ya umri wa yetu. Maana yake makontena mengi zaidi yatafika Kampala, mashine nzima zilizotupwa kwa sababu ya programu. Sisi tuliweka Linux Mint, bure, kutoka kwenye flashi. Wiki ya kwanza watu walinung'unika kwamba vitufe vimehama. Wiki ya pili mtu mmoja akauliza kama mashine imebadilishwa, maana ilikuwa inafunguka haraka, ingawa hilo lilitokana zaidi na diski ya SSD tuliyokuwa tumeiweka.

Kwa hiyo kati ya vile vya Desemba 2019 vimebaki kasha, mazabodi, prosesa na ile kibodi ya Kifaransa. Pawasaplai sasa ni ya nne, na swichi yake tumeibandika gundi kwenye 230. Feni ndiyo inaelekea kufa, mliosikia mlio wake kwenye video ya juzi mnajua. Mmoja wetu anapanda basi la Kampala Ijumaa alfajiri na ile ya zamani kwenye mfuko wa plastiki ili alinganishe matundu. Ni ya sentimita 8, plagi ya visindano vitatu. Kama uko karibu na Owino na unayo, tuandikie kabla ya Alhamisi jioni.